Bomba la mafuta likiota kutu, anayelia kwanza ni mkulima

MKULIMA wa Mbalizi hahitaji kufundishwa kutu ni nini. Jembe lililosahaulika shambani masika yote analijua, bati lililotoboka juu ya ghala la mahindi analijua, na fundi wa kuchomelea pale barabarani ameshamweleza mara nyingi kwamba geti lisilopakwa rangi halimalizi miaka mingi.

Lakini kipo chuma kimoja kikubwa kilichofukiwa katika ardhi ya Nyanda za Juu Kusini ambacho wengi wetu hatukioni, na kwa kuwa hatukioni, hatuulizi habari zake. Nacho ni bomba la mafuta la TAZAMA, litokalo Kigamboni, Dar es Salaam, hadi Ndola nchini Zambia, umbali wa kilomita 1,710. Njiani linapita katika mikoa yetu ya Iringa na Mbeya kabla ya kuvuka mpaka.

Katika makala haya nataka kuzungumzia kitu kidogo sana katika bomba hilo, ambacho unene wake ni wa milimita chache tu: ule mpako uliofunika chuma ili kisigusane na udongo. Wahandisi wanauona kuwa ni jambo lao. Mimi nasema ni jambo la mkulima na mfanyabiashara mdogo pia, na nitaeleza kwa nini.

Bomba la wakati wa shida

Bomba hili ni mtoto wa siasa za Kusini mwa Afrika. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na njia ya mafuta ya Zambia iliyokuwa ikipita huko ikafungwa. Zambia ikabaki haina mafuta, ikawa inayaleta kwa ndege na kwa malori yaliyokuwa yakihangaika kwenye barabara ya vumbi na matope iliyopita hapa kwetu.

Serikali za Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda zikaamua kujenga bomba, nalo likaanza kazi mwaka 1968. Mpaka leo Zambia ina theluthi mbili za hisa na Tanzania ina theluthi moja. Mwanzoni lilipitisha mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Baada ya kiwanda cha Indeni cha Ndola kuanza kazi mwaka 1973, likawa linapitisha mafuta ghafi ya kusafishwa huko.

Hali hiyo ilidumu kwa miongo mingi. Kisha kiwanda cha Indeni kikasimamisha usafishaji, na mwaka 2023 bomba likageuzwa ili lipitishe dizeli tupu.

Kwa mtu wa mjini hiyo ni habari ya biashara baina ya nchi mbili. Kwa mtu anayelima kando ya mkuza wa bomba, ni mabadiliko makubwa. Mafuta ghafi ni mazito, na mwizi akiyachota hana pa kuyauza. Dizeli inaingia kwenye trekta, kwenye mashine ya kusaga na kwenye lori jioni hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba tangu mwaka 2023 bomba lile lile lenye umri wa zaidi ya nusu karne limebeba kitu ambacho mwenye tamaa anakitamani zaidi, na ambacho kikivuja kinasambaa udongoni kwa kasi zaidi kuliko mafuta ghafi.

Kikombe cha enameli na paa la bati

Ili tuelewane, tuanze na namna kutu inavyofanya kazi. Chuma kikikutana na maji na hewa, na hasa maji yenye chumvichumvi, huanza kurudi katika hali yake ya udongo kilikotoka. Ndani ya ardhi yenye unyevu, bomba linakuwa mfano wa betri: sehemu moja ya chuma inaliwa, nyingine inasalimika, na umeme mdogo unapita katikati yao kupitia kwenye udongo.

Dawa ya kwanza ni kukitenga chuma na udongo. Mabomba mengi ya miaka ya 1960 yalipakwa lami ya moto na kuzungushiwa vitambaa vya nyuzi za kioo. Baadaye ikaja mikanda ya plastiki inayozungushwa kama bandeji. Siku hizi bomba husafishwa kwa kupigwa chembe ngumu kwa upepo mkali mpaka ling'ae, likapashwa moto, likanyunyiziwa unga wa epoksi unaoyeyuka na kushikana na chuma. Mara nyingi juu yake huwekwa gundi, kisha tabaka la plastiki ngumu.

Mambo haya si ya mbali na sisi. Katika kijiji cha Sojo, wilayani Nzega, kilijengwa kiwanda cha kuvika mabomba ya mradi wa mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, na kwa kuwa mafuta ya Uganda huganda yakipoa, kila kipande huvikwa kinga ya kutu, kisha povu la kutunza joto, kisha koti la plastiki. Nchi haiwezi kujenga kiwanda kizima kwa ajili ya koti kama koti hilo ni pambo tu.

Sasa mchukue mama mwenye kikombe cha enameli. Kikombe kikiwa kizima kinakaa miaka. Kikidondoka na enameli ikabanduka mahali padogo, kutu haienei kikombe kizima; inachimba pale pale palipobanduka mpaka inatoboa. Bomba ni hivyo hivyo. Mkwaruzo mdogo kwenye mpako unaweza kuwa na hatari kubwa, kwa sababu nguvu yote ya kuliwa inakusanyika kwenye kidonda kimoja.

Ndiyo maana mpako peke yake hautoshi. Wataalamu huongeza kinga ya pili, ile ya umeme. Mfano wake tunao juu ya vichwa vyetu: bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Ukilikata kwa mkasi, ukingo wake haushiki kutu upesi kwa kuwa zinki iliyo karibu inakubali kuliwa kwanza. Kwenye mabomba hufukiwa vipande vya zinki au magnesi vilivyounganishwa kwa waya, au hutumika mtambo unaosukuma umeme mdogo kuelekea kwenye bomba ili chuma kisiliwe. Vile vigingi vyenye nyaya vinavyoonekana kwenye mikuza ni vya kupimia kama umeme huo unafika.

Kinga hizi mbili zinategemeana kama mafiga. Mpako ukiwa mzima, umeme mdogo unatosha kulinda kilomita nyingi. Mpako ukichakaa, umeme unapotelea kwenye vidonda vingi, na kuna mahali hautafika. Mikanda ya plastiki iliyoachia ni mibaya zaidi, kwani maji yanaingia chini yake huku plastiki ikizuia umeme usifike. Bomba linaliwa ndani ya nguo zake.

Niseme pia kwamba ipo kutu inayoanzia ndani, pale maji yanapotuama kwenye mabonde ya bomba. Hiyo haizuiwi na koti la nje. Agosti 2000 bomba la gesi lililipuka karibu na Carlsbad, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, na kuua watu 12 wa familia moja waliokuwa wamepiga kambi kando ya mto. Uchunguzi ulionyesha kutu ya ndani. Hivyo bomba linahitaji kusafishwa na kupimwa ndani kwa vifaa vinavyosukumwa na mafuta yenyewe, na hiyo ni kazi ya wenye bomba peke yao.

Anayeumia ni nani

Wapo wanaosema bomba likivuja, mwenye hasara ni mwenye mafuta. Yaliyowapata jirani zetu wa Kenya yanaonyesha vingine.

Bomba la kwanza la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978, miaka kumi baada ya hili letu. Mwaka 2015 lilivuja katika eneo la Thange, Kibwezi, kaunti ya Makueni. Mafuta yaliingia kwenye udongo na kwenye mto ambao wakulima walikuwa wakiutegemea kwa kunywa, kunywesha mifugo na kumwagilia mboga. Visima vikanuka mafuta. Wakulima wakaenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe fidia ya Sh3.8 bilioni za Kenya.

Msomaji, tazama tarehe hizo. Kutoka mwaka 2015 hadi hukumu ya mwaka 2021 ni miaka sita. Mkulima wa bustani hawezi kukaa misimu sita bila maji huku akisubiri hukumu. Hata fidia ikiwa kubwa namna gani, haimrudishii wateja waliohamia kwa mwingine wala haiusafishi udongo wake kesho yake.

Nairobi nako, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba na kuingia kwenye mfereji unaopita mtaa wa mabanda wa Sinai. Watu wakatoka na ndoo na vidumu kuchota. Moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Chanzo cha siku ile kilikuwa kwenye kiungo cha vali, si mpako, lakini funzo ni moja: mafuta yakishatoka kwenye bomba, yanamkuta maskini kwanza. Sisi wenyewe tulilipata funzo hilo pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Kuvuja kwa kutu kuna ubaya wake mwingine: hakuna kishindo. Tundu la kwanza ni dogo kama la sindano. Tufanye hesabu ya dukani. Tone moja kila sekunde, tukikadiria matone 20 kwa mililita, ni zaidi ya lita 4 kwa siku na zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Kwa mwenye bomba linalosafirisha mamilioni ya lita, upungufu huo haumshtui mtu kwenye vipimo vya pampu. Kwa mwenye kisima kilicho chini ya mteremko, ni mwisho wa kisima.

Nani ataliona kwanza? Si mhandisi aliyeko ofisini. Ni mkulima atakayeona mahindi yamenyauka kwa mduara wakati mvua ipo, au mtoto atakayesema maji ya kijito yana rangi za upinde wa mvua.

Jembe, mtaro na tamaa

Koti la bomba linaharibiwa na umri, joto na maji. Linaharibiwa pia na sisi. Trekta la kulimia kina kirefu, shimo la choo, mtaro wa umwagiliaji, tanuri la matofali, mizizi ya miti iliyopandwa juu ya mkuza, malori yanayokatiza mahali pasiporuhusiwa: kila kimoja kinaweza kukwaruza, kubana au kupasua mpako bila kutoboa chuma. Mtu anafukia, anaondoka akijua hakuna kilichotokea. Miaka kadhaa baadaye tundu linatokea pale pale, na hakuna anayekumbuka nani alichimba.

Hata mradi mzuri unaweza kuleta balaa. Tarehe 22 Aprili 1992, mitaa ya mji wa Guadalajara nchini Mexico ililipuka baada ya petroli kujaa kwenye mifereji ya majitaka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Katika maelezo yaliyotolewa, ilionekana bomba la maji lililowekwa karibu na bomba la petroli ndilo lililochochea kutu mpaka petroli ikavuja. Huku kwetu miradi ya maji ya vijiji inaongezeka kila mwaka, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kamati ya maji inayochimba mtaro kukatiza mkuza bila kuwauliza wenye bomba inaweka mguu kwenye mtego wa Guadalajara.

Kisha kuna tamaa. Mwizi anayetoboa bomba ili achote dizeli anaiba mafuta ya usiku mmoja na kuacha kidonda cha kudumu. Hata akiziba, mpako umekwisha. Na anayekata nyaya za shaba za kinga ya umeme ili auze kwa kilo, anaweza kuliacha bomba bila ulinzi kwa kilomita kadhaa. Hapa nawaambia wazi wafanyabiashara wenzangu wa vyuma chakavu: waya wa shaba unaoletwa usiku kwenye gunia na mtu asiyeweza kusema umetoka wapi si biashara. Wewe unayeununua ndiye unayemtuma arudi tena. Na mwenye kidumu cha dizeli ya bei ya ajabu kando ya barabara naye aelewe hivyo hivyo.

Kwa nini tusiombe liondolewe

Msomaji anaweza kuuliza: kama ni hatari hivi, kwa nini tusiombe lifungwe na mafuta yapite barabarani?

Jibu wanalo watu wa Mbalizi wenyewe. Malori ya mafuta yaendayo Tunduma yanapita katikati ya mji wetu mchana na usiku, na mteremko wa Iwambi tunaujua kwa misiba yake. Julai 2018 lori lililoshindwa breki katika mteremko huo liligonga magari ya abiria na kuua watu wengi. Kila lita inayopita ndani ya bomba ni lita ambayo haikuteremka Iwambi. Bomba zima ni salama kuliko msururu wa malori, na kwa kawaida husafirisha kwa gharama ndogo zaidi. Sitetei liondolewe. Natetea litunzwe.

Wengine wanasema bomba limezeeka, lijengwe jipya na mjadala uishe. Ni kweli kwamba serikali za nchi hizi mbili zimekuwa zikizungumzia bomba la pili. Lakini chuma kipya nacho ni chuma. Likija bomba jipya lenye epoksi na plastiki tabaka tatu, likakwaruzwa na jembe la kwanza la msimu wa kwanza, kutu itaanza siku hiyo hiyo. Na mpaka jipya lije, lililopo ndilo linalopita kwenye mashamba.

Lipo pingamizi la tatu, nalo lina uzito: kwamba kuwaeleza wananchi habari za bomba ni kuwaonyesha wezi pa kutoboa. Naelewa hofu hiyo. Lakini mwizi wa mafuta si mtu wa kubahatisha; anakuja na vifaa na anajua bomba lilipo. Asiyejua ni mjukuu aliyerithi shamba mwaka jana, ambaye babu yake aliyeona bomba likifukiwa ameshafariki, na bikoni imefunikwa na majani. Siri hiyo haimzuii mwizi, inamponza mkulima.

Tunachotakiwa kudai

Kwanza, mkuza uonekane. Alama zisimame, majani yafyekwe, na kila kijiji kiwe na ramani katika ofisi ya mtendaji inayoonyesha mkuza unaanzia wapi na kuishia wapi. Kazi ya kufyeka na kutembelea mkuza wapewe vikundi vya vijiji husika kwa mkataba na kwa malipo yanayoeleweka. Kijana anayelipwa kulinda kilomita tatu anazozijua atauona udongo uliofukuliwa kabla ya ndege yoyote. Mahali ambapo utaratibu huo upo, uimarishwe. Ambapo haupo, uanzishwe.

Pili, habari za afya ya bomba zifike chini. Si lazima mkulima apewe michoro. Inatosha mara moja kwa mwaka mkutano mkuu wa kijiji uelezwe kwa Kiswahili chepesi: mpako katika eneo lenu ulikaguliwa lini, kinga ya umeme inafanya kazi au la, na wapi pamefanyiwa matengenezo. EWURA, ambayo ndiyo mdhibiti wa usafirishaji wa mafuta, ina nafasi ya kulisukuma jambo hili likawa sharti badala ya hisani.

Tatu, fidia ijulikane kabla ya ajali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kanuni hiyo ishushwe mpaka ngazi ya shamba: nani anapima udongo, nani analeta maji safi siku ya kwanza, mazao yanakadiriwa kwa bei ipi, na kwa muda gani. Watu wa Thange walijifunza mambo haya mahakamani. Sisi tunaweza kuyaandika mapema.

Nne, matengenezo ya mpako yasiwe ya kubana matumizi. Katika shirika lolote, mwaka ukiwa mgumu, fungu linalokatwa kwanza ni la kitu kisichoonekana. Pampu ikiharibika mafuta yanasimama na wakubwa wanapiga simu. Mpako ukichakaa, mafuta yanaendelea kupita na kila mtu anapongezana. Ndiyo maana nasema fungu la kukagua na kuvika upya lisiachwe kwa utashi wa meneja wa mwaka huo. Litengwe kutokana na kila lita inayopita, kama vile mkulima mwenye akili anavyotenga mbegu kabla ya kuuza debe la kwanza.

Na katika kuvika upya, usafi wa chuma ndio kazi yenyewe. Fundi wa Mbalizi akipaka rangi nzuri juu ya geti lenye kutu, rangi inabanduka na kutu yake. Kwa bomba ni vivyo hivyo: mpako wa bei kubwa uliowekwa juu ya uchafu na unyevu ni fedha iliyofukiwa.

Tano, nasi tutimize wajibu wetu. Tusijenge wala kupanda miti juu ya mkuza. Tusichimbe kabla ya kuuliza. Tukikwaruza bomba kwa bahati mbaya, tuseme kabla ya kufukia, na wenye bomba nao wasimkamate anayekuja kusema, maana wakimkamata mmoja, wengine kumi watafukia kimya kimya. Tukinusa mafuta au kuona maji yenye utando, tuzime moto, tuondoe watoto, tupeleke taarifa kwa mtendaji na polisi. Ndoo zibaki nyumbani.

Mtungi ulioko dukani

Kabla sijamaliza, nina neno kwa wenye maduka. Gesi asilia imekuwa ikisafirishwa kwa bomba kutoka Songo Songo hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na kutoka Mtwara tangu mwaka 2015. Huku kwetu gesi ya kupikia inakuja kwenye mtungi, na mtungi nao ni chuma chenye ngozi ya rangi.

Katika maduka mengi ya pembejeo mitungi hupangwa sakafuni karibu na magunia ya mbolea. Mbolea hunyonya unyevu, ikamwagika kidogo sakafuni, na chumvi zake zikala kitako cha mtungi mahali ambapo mteja hatazami. Weka mitungi juu ya chaga, mahali pakavu penye hewa, mbali na mbolea. Ukiuona mtungi umebabuka rangi na kutu imechimba, usiupake rangi ili uuzike. Kufunika kutu hakuirudishi chuma iliyoliwa. Urudishe kwa msambazaji. Na ukumbuke kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye pembe na mashimo, kwa hiyo ukisikia harufu fungua milango kwanza, wala usiguse swichi ya taa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bomba, ufa wenyewe ni mkwaruzo usiozidi urefu wa kidole, chini ya udongo tunaoulima. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa vijiji vilivyoko kando ya mkuza, kutoka Iringa hadi mpakani, ajenda ya mkutano ujao iwe na swali hili moja: koti la bomba letu lilikaguliwa lini, na nani alikuja kutuambia? Kama hakuna mwenye jibu, mtendaji aandike barua kesho yake.